Shajara ya Mradi: Kuitoa Land Rover ya 1965 Kwenye Dainamo na Kuiweka Kwenye Alteneta

Hali ya gari na shabaha ya kazi

Gari linaloandikwa hapa ni Land Rover Series IIA ya chasisi ndefu, ile ya inchi 109, iliyotengenezwa Solihull, Uingereza, mwaka 1965, yenye injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Mfumo wake wa umeme ni wa Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa magari, na ulikuwa bado kamili kama ulivyotoka kiwandani: dainamo ya aina ya C40, yaani mashine ya zamani ya kuzalisha umeme injini inapozunguka, boksi ya kudhibiti chaji ya RB106, ampimita (geji ya mkondo wa umeme) ya ampea 30 kila upande kwenye dashibodi, fyuzi mbili tu kwa gari zima, na betri ya volti 12 ambayo upande wake wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Mpango huo, unaoitwa athi ya chanya, Land Rover ziliendelea kutoka nao hadi mwaka 1967, zilipohamia athi ya hasi, na Series III ilipoingia mwaka 1971 alteneta, mashine mpya zaidi ya kuzalisha umeme, ikachukua nafasi ya dainamo. Kwa hiyo kazi hii inalipeleka gari pale ambapo kiwanda chenyewe kiliyapeleka magari ya aina yake miaka michache baadaye, na jambo hilo limenirahisishia maamuzi mengi.

Shabaha ni kwamba ifikapo mvua za vuli gari liweze kusafiri usiku kutoka Arusha hadi Karatu likiwa na taa kubwa, waipa na taa za nyuma vyote vikifanya kazi kwa wakati mmoja, bila betri kuisha. Nimejiwekea masharti matatu. Hakuna waya wa asili utakaokatwa. Hakuna tundu jipya litakalotobolewa kwenye bodi. Na kila kifaa kitakachoingia kiwe ni kile ambacho fundi wa Arusha anaweza kukifungua na kukitengeneza, kwa sababu gari la umri huu likitegemea kifaa cha kuagiza ng'ambo hugeuka kuwa pambo la uani.

Julai: vipimo vya mwanzo

Kabla ya kufungua nati yoyote nilifanya hesabu ya umeme ambao gari linatumia. Taa kubwa zikiwa dimu zinakula wati 110, yaani takriban ampea 9. Taa ndogo za mbele, za nyuma na ya namba zinaongeza kama ampea 2. Koili ya moto inachukua ampea 3 hadi 4, na mota ya waipa kama ampea 3. Jumla inakaribia 18, na hapo dereva hajakanyaga breki. Akikanyaga, taa mbili za wati 21 kila moja zinadai ampea tatu na nusu nyingine, na akiwasha indiketa tayari amevuka uwezo wa dainamo, ambao ni ampea 22.

Hizo ampea 22 zenyewe hazipatikani wakati wote. Dainamo ya C40 huanza kuchaji inapofika mizunguko takriban 1,450 kwa dakika, na hutoa uwezo wake wote inapokaribia 2,250. Injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, dainamo haifiki huko, swichi ya kukata iliyomo ndani ya boksi inafunguka na kuitenganisha na betri, na mzigo wote unabebwa na betri peke yake. Vipimo vyangu vilithibitisha hivyo. Betri iliyopumzika usiku kucha ilisoma volti 12.6. Injini ikiwa sailensa na taa zimewashwa ilishuka hadi 11.8, taa zikabadilika rangi kuwa za manjano, na mshale wa ampimita ukalala upande wa kupungua. Nilipopandisha mwendo wa injini, volti zilipanda hadi 13.2 na kuishia hapo.

Ningependa ieleweke kwamba dainamo hii si mbovu. Fundi mzee wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, ambaye amesuka armecha (koili zinazozunguka) na mota za stata kwa muda mrefu kuliko umri wangu, aliifungua mbele yangu, akatazama komyuteta, ile silinda ya shaba inayozunguka na kutoa umeme, akapima kaboni zinazoigusa, akatia matone mawili ya oili kwenye bushi ya nyuma kama inavyotakiwa, kisha akaniambia, "Mwanangu, hii ni nzima. Usiitupe." Nilimjibu, "Sitaitupa, mzee wangu. Nitaihifadhi na boksi yake." Tatizo la dainamo ni la maumbile. Katika dainamo, koili zinazozalisha umeme ndizo zinazozunguka, na mkondo wote unaokwenda kwenye betri lazima upite kwenye komyuteta na kaboni. Koili hizo za shaba zikizungushwa kwa kasi mno hutoka kwenye nafasi zake, kwa hiyo watengenezaji walilazimika kuweka puli kubwa inayopunguza kasi ili dainamo isiharibike injini inapokimbia, na gharama yake ni kukosa chaji injini inapotembea polepole. Kwa balbu dhaifu za enzi zake na barabara zisizo na foleni, hesabu hiyo ilikubalika.

Alteneta imegeuza mpango huo. Koili zinazozalisha umeme zimetulia kwenye ganda la nje, na kinachozunguka ni sumaku ya umeme inayohitaji ampea kama tatu tu, ambazo hupitia kwenye pete mbili laini na kaboni ndogo. Rota hiyo imeshikana vizuri kiasi kwamba zile za Lucas za aina ya ACR huvumilia mizunguko 15,000 kwa dakika, hivyo huwekewa puli ndogo na huzunguka kwa kasi hata injini ikiwa sailensa. Umeme unaotoka ni wa kugeukageuka, na diodi, vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, ndizo zinazounyoosha. Diodi hizo hizo huzuia umeme wa betri usirudi nyuma, kwa hiyo swichi ya kukata haina kazi tena. Hata kidhibiti cha mkondo hakihitajiki, kwa kuwa muundo wa koili zenyewe huweka kikomo cha ampea. Kinachobaki ni regyuleta ndogo ya kusimamia volti, nayo imo ndani ya alteneta.

Agosti: kuchagua alteneta

Nilipima njia tatu. Ya kwanza ni alteneta zinazotengenezwa siku hizi kwa umbo la dainamo ili jicho lisitambue tofauti. Ni kazi nzuri ya ufundi, na kwa gari la maonyesho ningezipendekeza, lakini zinavunja sharti langu la tatu: ikifa huku, hakuna wa kuitengeneza.

Njia ya pili ni alteneta iliyotumika ya Toyota, ambayo Arusha na Gerezani kule Dar es Salaam zinapatikana kwa wingi na fundi yeyote anazijua. Niliifikiria kwa muda mrefu, na sidhani kama anayeichagua anakosea. Kilichonizuia ni mabano. Masikio ya alteneta hizo hayalingani na nafasi ya dainamo kwenye injini ya Land Rover, kwa hiyo lazima utengeneze mabano ya kuchomelea, na mabano ya kuchomelea yanayobeba chuma kizito kinachotetemeka kwenye barabara za changarawe zilizojikunja mawimbi hupata ufa mahali pa kulehemu. Fundi hodari anaweza kutengeneza yanayodumu, lakini nilitaka kitu ambacho kimeshathibitishwa tayari.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo niliyoifuata, ni Lucas 18ACR ya ampea 45 pamoja na mabano ya Series III. Injini ni ile ile, matundu ya bolti ni yale yale, na hakuna kitu cha kuchongwa. Wapo walionishauri nitafute alteneta ya ampea 65 au zaidi, kwa hoja kwamba ziada haimwumizi mtu. Sikukubaliana nao. Mzigo wa gari hili, hata nikiongeza taa mbili za ukungu, hauvuki ampea 30. Alteneta kubwa zaidi huvuta nguvu zaidi kwenye mkanda mmoja mwembamba, hudai waya nene zaidi, na betri ikiwa imeisha kabisa hupitisha mkondo mkubwa kwenye nyaya zilizowekwa kwa ajili ya ampea 22. Ampea 45 zinatosha, na zinabaki ndani ya kiwango ambacho kiwanda chenyewe kilikipitisha.

Alteneta niliyoipata ilikuwa imetumika, kwa hiyo ilifunguliwa yote. Koili ya rota ilisoma ukinzani wa kawaida, na haikugusana na mhimili. Pete zilisafishwa kwa msasa laini hadi zikang'aa. Beringi zote mbili zilibadilishwa, kaboni pia, na diodi zikapimwa moja moja kwa mita ili kuhakikisha kila moja inapitisha umeme upande mmoja na kukataa upande wa pili. Regyuleta niliibadilisha ingawa ya zamani ilikuwa bado inafanya kazi, kwa sababu bei yake ni ndogo na ikifa huku ikipitisha umeme wote hupandisha volti hadi betri ichemke.

Septemba: kugeuza athi

Hii ndiyo sehemu iliyohitaji utulivu kuliko zote, na ndiyo ambayo wengi huipita haraka. Diodi za 18ACR zimepangwa kwa athi ya hasi. Ukiifunga kwenye gari lenye athi ya chanya, betri inapata njia ya moja kwa moja kupitia diodi, nazo zinaungua mara tu terminali inapogusa. Kwa hiyo athi ya gari zima iligeuzwa kwanza, wakati dainamo ikiwa bado imefungwa, ili kila kifaa kijaribiwe kabla ya alteneta kuingia.

Nilianza na kuorodhesha vitu ambavyo havijali mwelekeo wa umeme. Balbu hazijali. Honi haijali. Stata haijali, kwa kuwa koili za sumaku na armecha yake zimeunganishwa kwa mfululizo, na ukigeuza umeme vyote viwili vinageuka pamoja, hivyo inazunguka upande ule ule. Geji ya mafuta ya gari hili nayo haikujali. Mota ya waipa ilitaka uangalizi: yenye koili za sumaku haina shida, lakini yenye sumaku ya kudumu huzunguka kinyume. Ya gari hili ni ya koili. Redio yoyote ya transista ya zamani ingelazimika kutolewa, ila gari hili halina redio.

Vitu vilivyobadilishwa ni vinne. Betri iligeuzwa, na vichwa vya waya vikabadilishwa navyo, kwa kuwa nguzo ya chanya ya betri ni nene kuliko ya hasi na vichwa vya zamani havikushika sawasawa. Ampimita ilibadilishiwa waya zake mbili ili mshale uendelee kusoma upande sahihi. Koili ya moto ilibadilishiwa nyaya za upande wa umeme mdogo, ule uliotoka kwenye swichi ya ufunguo ukakaa palipokuwa na ule wa distribyuta, na wa distribyuta ukahamia kwa mwenzake. Koili isipogeuzwa gari litawaka vilevile, na ndiyo maana watu hawaligundui kosa hilo, lakini cheche hutoka kwa mwelekeo usiofaa. Cheche hutaka kuanzia kwenye ncha ya katikati ya plagi, ambayo ndiyo yenye joto kali, na ikilazimishwa kuanzia upande wa pili inadai volti nyingi zaidi, hivyo injini yenye plagi zilizochoka hukohoa inapopanda mlima. Jaribio lake ni la zamani na halina gharama: ncha ya penseli ya mbao ikishikwa katikati ya cheche kwa koleo lenye mpini wa mpira, mwali mdogo hutokea upande wa plagi ikiwa mwelekeo ni sahihi, na upande wa waya ikiwa umegeuka. Mwali ulitokea upande wa plagi.

Kitu cha nne ni dainamo yenyewe. Sumaku inayobaki kwenye chuma chake hukumbuka mwelekeo wa zamani, na lazima ifundishwe upya kabla injini haijawashwa. Waya wa F, ule wa koili za sumaku za dainamo, ukiwa umetolewa, terminali ya F ya dainamo inaguswa kwa waya unaotoka kwenye upande hai wa betri, yaani usiofungwa kwenye bodi, cheche ndogo zinaonekana, na kazi imekwisha. Baada ya hapo dainamo ilichaji kama kawaida kwa athi ya hasi, na nikaliendesha gari hivyo kwa majuma kadhaa ili nijiridhishe.

Wakati huo huo nilisafisha athi zote. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini iliyofungwa kwenye chuma, na metali hizo mbili zikikutana na unyevu hulika mahali zinapogusana. Kila kituo cha athi kilifunguliwa, kikasuguliwa hadi metali safi, kikafungwa kwa waya mpya na kupakwa grisi. Mkanda wa athi kati ya injini na chasisi ulibadilishwa kwa sababu nyuzi zake nyingi zilikuwa zimekatika. Taa za nyuma, ambazo zilikuwa zikipepesa kila nikikanyaga breki, zilitulia siku hiyo hiyo, kabla hata alteneta haijaingia. Mtu mwenye gari la zamani linalosumbua umeme na asiye na fedha ya alteneta ningemwomba aanze na athi.

Oktoba: mabano, mkanda na nyaya

Dainamo ilitoka, mabano ya Series III yakaingia bila shida, na alteneta ikakaa. Puli tatu zilinyooshwa kwa rula ndefu ya chuma hadi zikawa kwenye mstari mmoja, maana puli iliyopinda hata kidogo hula mkanda na beringi ya mbele. Feni beliti mpya ilikazwa kiasi cha kubonyea milimita kama 12 katikati kwa kidole gumba.

Nyaya ndizo zilizochukua muda. Kwenye boksi ya RB106, nyaya za kahawia zilizokuwa kwenye terminali za A na A1 zilitolewa na kuunganishwa pamoja kwenye kiunganishi cha shaba nje ya boksi, ili gari lipate umeme wake bila kupitia koili za ndani. Waya wa njano wa D, unaotoka kwenye dainamo, ulitolewa kwenye boksi na kuunganishwa na waya wa taa ya chaji, ile taa ya onyo ya dashibodi, na upande wa injini ukafungwa kwenye bapa ndogo ya alteneta yenye alama ya IND. Kwa njia hiyo waya wa asili umepata kazi mpya bila kukatwa. Waya wa F haukuhitajika. Ncha zake zote mbili zilifunikwa na kufungwa pembeni. Boksi yenyewe imebaki mahali pake, tupu ya nyaya.

Kutoka kwenye bapa kubwa za alteneta nilipitisha waya mpya wa milimita za mraba 10 hadi kwenye nguzo ya solenoidi ya stata, yaani swichi kubwa inayoiwasha stata, ambapo waya mkubwa wa betri unafika, na karibu na nguzo hiyo nikaweka fyuzi ya ampea 60. Sikuupitisha kwenye ampimita. Ampimita hiyo inasoma hadi ampea 30 tu, na alteneta inayojaza betri iliyoisha ingeweza kuivuka. Sasa ampimita inaonyesha matumizi ya gari peke yake, na kando yake, chini ya dashibodi, imening'inizwa voltimita kwenye skrubu iliyokuwepo tangu zamani. Kwa maoni yangu voltimita inamwambia dereva mambo mengi zaidi: ampimita husema umeme unapita, lakini voltimita husema kama betri inatunzwa.

Juu ya taa ya chaji kuna neno la kusema, kwa sababu inaonekana kama kitu kidogo. Katika mfumo wa alteneta, taa hiyo ndiyo inayopeleka umeme wa kwanza wa kuamsha sumaku ya rota. Balbu ya wati 2.2 hupitisha takriban ampea 0.18, na hizo zinatosha. Ikiungua, au akitokea mtu akaweka balbu ya LED kwa kuona inang'aa zaidi, alteneta inaweza isiamke kabisa, au iamke tu injini inapokimbizwa. Alteneta nyingi nzima zimepelekwa kusukwa kwa kosa la balbu hii. Nimeweka balbu ya akiba ndani ya kisanduku cha vifaa.

Taa kubwa nazo zilipewa relei mbili, yaani swichi zinazoamshwa na umeme mdogo, moja ya dimu na moja ya taa kamili. Awali mkondo wote wa taa ulipita kwenye swichi ya dashibodi, ukaenda kwenye swichi ya mguu, ndipo ukafika mbele, tena bila fyuzi yoyote. Nilipima na kukuta zaidi ya volti moja inapotelea njiani. Sasa nyaya za bluu za asili zinaamsha relei tu, na umeme wa taa unatoka moja kwa moja kwenye nguzo ya solenoidi kupitia fyuzi za ampea 15. Alteneta bila relei ingesukuma umeme mwingi zaidi kwenye swichi ambazo zimekuwa zikipata joto tangu mwaka 1965, na nisingeweza kulala nikijua hivyo.

Mwishoni mwa Oktoba: kuwasha na kupima

Ufunguo ulipofunguliwa, taa ya chaji iliwaka. Injini iliposhika, taa hiyo ilizimika mara moja. Voltimita ilipanda polepole hadi 14.2 na kutulia. Nilipowasha taa kubwa, waipa na taa zote ndogo injini ikiwa sailensa, ilishuka hadi 13.6, na mwanga haukubadilika rangi. Kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika ilirudi 14.1 mzigo wote ukiwa juu.

Kisha nilipima upotevu wa volti, kipimo ambacho naona hakifai kuachwa. Mita iliwekwa kati ya bapa ya kutolea ya alteneta na nguzo ya chanya ya betri, mzigo wote ukiwa umewashwa, ikasoma 0.14. Kati ya ganda la alteneta na nguzo ya hasi ikasoma 0.06. Kipimo cha kwanza kingezidi 0.3, au cha pili kingezidi 0.2, ingemaanisha kuna kiungo kibovu, na regyuleta iliyo ndani ya alteneta ingekuwa inaamini kwamba betri imeshiba wakati bado ina njaa.

Maonyo mawili nimeyaandika kwa wino mwekundu kwenye kadi iliyobandikwa ndani ya boneti, kwa sababu gari hili litashikwa na mafundi wengi. La kwanza ni kuhusu desturi iliyoenea sana kwenye gereji zetu, ya kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwaka ili kuona kama gari linachaji. Dainamo ilivumilia jaribio hilo. Alteneta haivumilii: betri ndiyo inayomeza miruko ya volti, na ikiondolewa ghafla volti huruka juu kwa kitambo kidogo kinachotosha kuua diodi na regyuleta. Anayetaka kujua kama inachaji aweke mita kwenye nguzo za betri. La pili ni kuhusu kuchomelea. Land Rover ya umri huu haikosi ufa wa kuziba kwenye chasisi, na kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa lazima vichwa vya betri vitolewe na plagi ya alteneta ichomolewe.

Novemba: safari ya usiku

Mvua zilipoanza, gari liliondoka Arusha jioni kuelekea Karatu kwa njia ya Makuyuni. Giza lilitukuta kabla ya Mto wa Mbu, na mvua kubwa ikaanza tulipokuwa tunapanda ukingo wa Bonde la Ufa. Taa kubwa, waipa na feni ya kupuliza kioo vilifanya kazi pamoja njia nzima. Voltimita ilikaa kati ya 13.9 na 14.1, na kwenye kizuizi cha polisi, tuliposimama kwa muda injini ikiwa sailensa, haikushuka chini ya 13.5. Asubuhi yake betri ilisoma 12.7, na haidromita ikaonyesha uzito wa maji ya betri wa 1.27 katika seli zote sita. Kabla ya mradi huu sikuwahi kupata usomaji unaolingana hivyo katika seli zote za betri hii.

Mkanda ulilegea kidogo baada ya safari hiyo, kama mikanda mipya inavyofanya, na ukakazwa upya. Bolti za mabano zilikaguliwa kwa spana na hazikuwa zimesogea. Matope yaliyoingia kwenye matundu ya nyuma ya alteneta yalipulizwa kwa hewa. 18ACR haina kifuniko cha kuzuia maji, kwa hiyo kabla ya kuvuka mto wenye kina nitaangalia maji yasifike kwenye feni.

Kumbukumbu za kurudisha hali ya asili

Dainamo ya C40 imefungwa kwenye karatasi yenye oili ndani ya sanduku, pamoja na mabano yake, puli na mchoro wa nyaya nilioutengeneza kwa mkono. Mmiliki atakayetaka kuirudisha atafungua alteneta na mabano ya Series III, atafunga dainamo, atarudisha waya wa njano na wa F kwenye terminali zake kwenye boksi, atatenganisha nyaya za kahawia na kuzirudisha kwenye A na A1, na ataondoa waya mpya wa milimita 10 pamoja na fyuzi yake. Athi anaweza kuiacha kwenye hasi, kwa kuwa dainamo imeshafundishwa mwelekeo huo. Akiamua kurudi kwenye chanya, atageuza betri, ampimita na nyaya za koili, na ataigusa tena terminali ya F kabla ya kuwasha injini. Relei za taa ninamshauri aziache.

Kilichobaki kwa sasa ni kuongeza fyuzi kwenye waya wa taa ndogo, ambao kiwanda kiliuacha bila ulinzi, na kubadilisha swichi ya breki inayochelewa kukata. Kazi hizo zitaandikwa zikifanyika.